Chombo cha shaba cha Kijapani: nikisafishe kabla ya kukiuza?

Mtoto wa Chumbageni: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sina. Nipo Uingereza. Nimenunua sokoni, mitumba, chombo cha maua cha shaba kwa pauni 40. Kina tawi la maua na shomoro watatu weusi, chini maandishi ya Kijapani. Jumamosi kuna mtu wa mnada anakuja kukiona. Kimefubaa. Nikisafishe?

Kisukari: Mimi niliuza redio ya marehemu babu kwa bei ya kutupa, hadi leo naumia. Usiuze!

Bi Mwanakombo: Vya wenzetu tunavikosea usingizi, milango yetu ya nakshi inaoza.

Mhunzi Gerezani: Usikiguse! Weusi wa hao shomoro si uchafu. Hiyo ni shakudo, shaba iliyotiwa dhahabu kidogo, ikachemshwa kwenye dawa mpaka ikaiva rangi. Mwaka 1876 serikali ya Japani ya enzi za Meiji ilipokataza watu kutembea na panga, mafundi waliozipamba wakageukia vyombo vya kuuza Ulaya na Marekani. Rangi ndiyo kazi yenyewe. Mbona picha ya upande mmoja tu?

Mtoto wa Chumbageni: Mkuu, ukweli ni kwamba upande wa pili nimeshausugua. Mama alinielekeza kwa simu: ndimu na majivu, ndivyo anavyong'arisha masinia yake miaka yote. Shomoro mmoja amekuwa mwekundu kama waya uliomenywa. Ila nikimalizia hao wawili watafanana, mnunuzi hatajua.

Kisukari: Majivu? Uingereza? Chai hii.

Pweza Mkavu: Chai ya maziwa kabisa. Kesho atatuomba nauli.

Mtoto wa Chumbageni: Jirani anachoma nyama uani kwa mkaa, nilimwomba kikopo kimoja. Picha ya kikopo hiyo hapo.

Bi Mwanakombo: Kikopo nimekiona. Mwacheni mtoto wa watu, na mama yake asitajwe vibaya. Sinia la pilau husuguliwa hivyo hivyo.

Mhunzi Gerezani: Sinia ndiyo, mama. Hiki sicho. Kijana, suuza ndimu yote kwa maji safi, kausha kwa kitambaa laini, na Jumamosi mwoneshe upande uliosuguliwa kwanza, kabla hajauliza. Huyo ataujua tu akikigeuza.

Mtoto wa Chumbageni: Nimesuuza. Wawili bado weusi.