Mrejesho: Baiskeli ya kulalia imefika Bagamoyo ndani ya Noah

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kusafirisha baiskeli yangu ya kulalia, ile ambayo mwendeshaji huegemea kiti na kutanguliza miguu mbele, kutoka Mbezi Beach hadi Bagamoyo kwa gari aina ya Noah. Nawashukuru nyote, hususan aliyeshauri iingie ndani.

Keria ya nyuma ya gari haikufaa, kwa sababu fremu haina bomba la juu la kushikwa na ndoano, na kwa urefu wake baiskeli ingechomoza pande zote mbili za gari, jambo ambalo katika foleni ya Tegeta, na bodaboda zinazopenya kila upande, ni hatari tupu. Juu ya gari nako, kiti chake kipana kingepigwa na upepo njia nzima.

Tulikunja viti vya nyuma, tukatoa gurudumu la mbele na kiti cha baiskeli, kisha tukailaza juu ya kipande cha godoro, upande wa mnyororo ukiwa juu, ili gia ya nyuma isipinde kwa uzito wa baiskeli yenyewe. Bomba la pedali, lile la mbele linalobeba pedali, tuliliacha lilivyo, maana kulisogeza hulegeza au hukaza mnyororo, ambao ni mrefu zaidi ya mara mbili ya ule wa kawaida. Katika breki ya diski ya mbele tulipachika kadibodi, ili mkono wa breki ukibonyezwa vipande vyake visibane.

Imefika salama, na gia zinaingia vilevile. Kwa mwenye gari dogo, naona ni heri akodi kirikuu kuliko kuifunga nje.