Daraja la miti limeoza hata masika ya pili hayajafika, na bado wanapita kutuchangisha tena

Wakuu, heshima zenu. Jambo hili naliweka hapa kwa sababu kijijini ukiuliza unaitwa mchochezi.

Huku kwetu milima ya Uluguru mto umetukata. Sisi ng'ambo hii, shule na zahanati ng'ambo ile. Masika maji hayapigi hodi: mvua inanyesha juu mlimani, kwetu jua linawaka, mara mto umeshajaa na watoto wamekwama upande wa pili na madaftari yao. Ndiyo maana tulipoambiwa linajengwa daraja la miti hakuna aliyebisha. Kila kaya ilitoa 10,000, na asiyekuwa nayo alibeba mawe na mchanga. Kina mama walibeba mchanga na watoto mgongoni, nimewaona.

Sasa nendeni mkaone nguzo ya upande wa shule, pale inapoingia ardhini. Choma kisu: kinazama mpaka kwenye mpini, ukikichomoa kinatoka na unga wa kahawia uliolowa. Ni mikaratusi michanga, ilikatwa na kusimamishwa ikiwa mibichi, hata gome hawakubandua, na mchwa wamepita humohumo chini ya gome. Na asitokee mtu wa kuniambia mkaratusi ndivyo ulivyo. Nguzo nyingi za umeme ni mikaratusi hiyohiyo, lakini imekaushwa na kushindiliwa dawa, ndiyo maana inasimama miaka na miaka. Sisi tulipakiwa oili chafu, tena sehemu ya juu tu inayoonekana. Ya chini, inayokaa kwenye tope, haikuguswa.

Mbao za kukanyagia ndizo zinaniuma zaidi. Kwenye mkutano tulisomewa kwamba zimenunuliwa za mninga. Jamani, mninga tunaujua, mzito, wekundu wake haujifichi. Zilizopigwa pale ni nyeupe, nyepesi, zimejaa vifundo, msindano mtupu! Zimeshikwa kwa misumari ya inchi nne kwenye magogo mabichi. Gogo likikauka linasinyaa, msumari unaanza kucheza, bodaboda zikipita unapanda juu. Mtoto wa jirani yangu umemchoma unyayo ukatokea juu. Boliti hakuna hata moja daraja zima.

Halafu urefu. Wazee walimpeleka fundi mpaka kwenye mkuyu wakamwonyesha takataka zilizonasa matawini tangu mvua za El Niño za 2023/2024. Wakamwambia, mwanangu, maji yalifika hapa, pandisha. Akasema yeye ana vipimo vyake. Leo magogo ya daraja yako chini ya alama ile. Mafuriko yakija na miti iliyong'oka itanasa pale, maji yatakosa njia na kula kingo pembeni, na upande wetu yameshaanza kumega. Gabioni, vile vikapu vya waya vya kujaza mawe, hazikuwekwa, na mawe yamejaa mtoni ya bure. Kule Kigoma, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na Enabel, shirika la maendeleo la Wabelgiji, wamejenga madaraja ya mawe ya upinde, mawe ya palepale, magari yanapita. Huku kwetu hata kuzungushia mawe kwenye kingo kumeshindikana.

Baada ya yote hayo, wiki hii wanapita nyumba kwa nyumba: kila kaya 5,000 za "ukarabati". Mzee mmoja aliuliza stakabadhi za mbao ziko wapi, akajibiwa anarudisha nyuma maendeleo. Mtu mzima aliyejitolea mti wake shambani ukakatwa bure, ndiye anajibiwa hivyo mbele ya wajukuu zake! Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Tangu daraja lizinduliwe hatujaitwa.

Naomba wanaojua taratibu wanisaidie. Barua ya kudai mahesabu tunaanza kwa mtendaji wa kijiji, au kwa kuwa ndiye mlalamikiwa tunampita twende kata, au moja kwa moja kwa mkurugenzi wa halmashauri? Na tunaweza kudai mhandisi wa wilaya aje alikague kabla ya Machi? Picha za nguzo na misumari ninazo, na majirani wako tayari kutia saini. Watoto wanapita pale kila asubuhi, na hiyo 5,000 nyumbani kwangu haitoki mpaka stakabadhi za mninga zionekane.