Binamu kaliponda tangazo huku kavaa viatu vya kampuni ileile. Nimuweke kundi gani?

Chanikiwiti (mtoa mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Nimekwama, na msimamizi wangu kanipa wiki mbili nirudi na kitu kinachoeleweka.

Nasomea mawasiliano ya umma, mwaka wa mwisho. Utafiti wangu unahusu jinsi watazamaji wanavyolielewa tangazo la mavazi ya michezo linalobebwa na mtu maarufu. Nilichagua lile la Nike la Septemba 2018: uso wa Colin Kaepernick umejaa picha nzima, rangi nyeusi na nyeupe, macho kakukazia, na juu ya uso maneno ambayo kwa tafsiri yangu yanasema amini jambo fulani, hata kama itabidi utoe kila kitu sadaka. Chini kuna alama ya kampuni na kaulimbiu yao, Just Do It. Basi.

Kwa wasiomfahamu: alichezea San Francisco 49ers kwenye mpira wa Kimarekani. Mwaka 2016 aligoma kusimama wimbo wa taifa ukipigwa, baadaye akawa anapiga goti, kupinga ubaguzi na ukatili wa polisi dhidi ya watu weusi. Msimu ule ulipokwisha hakuna timu iliyomsajili tena.

Nilijichorea jedwali la vyumba vitatu kwa kumfuata Stuart Hall, mwanazuoni aliyeandika jinsi watazamaji wanavyousoma ujumbe: wanaolipokea tangazo kama lilivyokusudiwa, wanaokubali nusu na kubisha nusu, na wanaolipinga. Nikahoji watu 12 nikijua nitawagawa kama karata. Nikakuta haya.

Binamu yangu alilisaga tangazo dakika ishirini nzima. Kwamba kampuni imechukua uchungu wa watu ikaufanya bidhaa, kwamba uasi wa kweli hauuzwi kwenye boksi. Nikaandika harakaharaka "mpinzani". Anainuka kwenda zake, natupa jicho chini: kavaa viatu vya kampuni hiyohiyo, vipya! Namuuliza, ananijibu, "Hivi vinanikaa vizuri mguuni. Hayo mengine ni siasa."

Shangazi hakumjua kabisa. Aliitazama picha, akasikiliza maneno niliyomtafsiria, akauliza kwa sauti ya chini, "Kafiwa na nani, maskini?"

Rafiki yangu mkimbiaji aliuliza swali moja: viatu viko wapi? Na kweli, picha haina kiatu.

Wawili walisema hawana la kusema, matangazo wao wanayapitisha tu kwa kidole gumba. Saba waliobaki wakasema "linatia moyo", wakanyamaza.

Msimamizi kaliangalia jedwali akasema halisomeki. Nimtoe shangazi kwa sababu hamjui mhusika? Nitafute tangazo jingine? Na binamu anakaa chumba gani?

BingwaWaBenchi

Shangazi apewe digrii yeye, wewe ubaki na daftari lako. Nimeweka kambi hapa, wajuzi waje.

MwalimuMstaafu

Mwanangu, shangazi usimguse. Huyo ndiye sura nzima ya utafiti wako, hujamwona tu.

Kosa lako ni moja. Hall alipoandika mwaka 1973 alizungumzia mahali mtu anaposimama anapousoma ujumbe. Hakuwa anagawa watu. Wewe umejenga vyumba vya kulaza watu usiku, halafu unashangaa kuwakuta koridoni. Mtu mmoja anaweza kusimama mahali pawili ndani ya dakika tano.

Rudi usome sehemu ya usomaji wa majadiliano, ule wa katikati. Mfano wake ni wa mfanyakazi anayekubali kabisa anapoambiwa kwamba kwa faida ya taifa sote tupokee kidogo ili kuzuia mfumuko wa bei, lakini kiwandani kwake yuko tayari kugoma adai nyongeza. Kwenye jambo kubwa anaitikia, kwenye jambo lake ana hesabu zake. Binamu yako ni huyohuyo aliyegeuzwa nje ndani: kwenye jambo kubwa anagoma, miguu imeshaitikia. Ukimwandika "mpinzani" umeandika mdomo wake tu.

Pili, kuna mtu alishapita njia yako na akajikwaa palepale. David Morley aliwaonyesha watu wa vikundi 29 kipindi cha Nationwide cha BBC, akachapisha matokeo mwaka 1980. Matarajio yalikuwa kwamba tabaka la mtu litaeleza anavyosoma. Halikutosha. Watu wa tabaka moja walisoma tofauti, kwa sababu ya chama cha wafanyakazi walichomo, kazi wanayojifunza, historia yao. Na kulikuwa na wanafunzi vijana weusi ambao karibu hawakujihusisha na kipindi kabisa, hakikuwa kinawahusu. Morley hakuwatupa. Kimya chao alikihesabu kuwa ni jibu. Wale wawili wako wa kidole gumba watie humo.

Chanikiwiti (mtoa mada)

Mwalimu, shikamoo na asante sana. Hapo kwenye mdomo na miguu umenifungua macho. Ila je, msimamizi hataniambia kwamba shangazi "hakuelewa"?

KalamuYaDukani

Nijibu hilo mimi, nimeandika matangazo kwa miaka kadhaa.

Ofisini kwetu hakuna aliyekaa kuuliza kama kila mtu ataelewa. Swali lilikuwa: yule tunayemtaka ataelewa? Tangazo la Kaepernick halikuandika jina lake popote kwa ukubwa wa kuonekana, wala halikueleza goti. Lilimwachia mtazamaji amalizie. Anayejua anapata raha ya kujua, na raha hiyo ndiyo inayoshikamana na alama pale chini. Shangazi yako hana kipande cha kumalizia, kwa hiyo kachukua alichonacho: uso wa huzuni pamoja na neno sadaka ni msiba. Kasoma sawasawa kabisa kwa vifaa alivyopewa. Tafsiri ya maneno ulimpa, habari ya mtu hukumpa.

Kuna mambo mengine ya kuongeza kwenye kazi yako. Watu walichoma viatu vyao wakajirekodi video. Sisi tulicheka kidogo, samahani, kwa sababu anayechoma kiatu alikwishakilipia, na kila video ilibeba tangazo bure hadi kwa watu ambao lisingewafikia. Hisa za kampuni zilishuka soko lilipofunguliwa, na kabla mwezi haujaisha zilikuwa juu kuliko zilipoanzia. Kupinga kwa sauti kubwa kunaweza kuwa sehemu ya usambazaji. Sisemi kwamba kupinga hakuna maana, nasema usidhani mpinzani yuko nje ya tangazo.

Halafu mtu maarufu si chombo kilichotulia. Tafuta tangazo la Nike la mwaka 2001 la Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa mashindano. Anasema kila mtu anataka kujua anatumia nini, kisha anajibu kwamba yuko juu ya baiskeli saa sita kwa siku, na wewe je, unatumia nini? Wakati ule lilikuwa kofi kwa wanaomshuku. Oktoba 2012, baada ya ripoti ya dawa za kuongeza nguvu, kampuni ikamtema. Lisikilize leo. Hakuna neno lililobadilika, na karibu kila neno lina maana nyingine.

Kama una nafasi, weka pembeni tangazo la kwanza la Just Do It, la mwaka 1988. Ni la Walt Stack, mzee wa miaka 80, anakimbia kifua wazi kwenye daraja la Golden Gate, anasema watu humuuliza anazuiaje meno yasigongane wakati wa baridi, naye huyaacha kabatini. Si nyota. Utaona umaarufu unaongeza nini na unaondoa nini.

MwalimuMstaafu

Kalamu, umesema vema, ila mtoto ana wiki mbili. Mzee wa meno mwache kabatini hukohuko.

SoliNyembamba

Mimi ni mkimbiaji, nimtetee mwenzangu aliyeuliza viatu viko wapi. Mnamwona kama kichekesho, kumbe ndiye pekee aliyeona tangazo linachokwepa.

Yapo matangazo yanayodai kitu, na yapo yasiyodai chochote. Reebok walidai viatu vyao vya EasyTone vinakaza misuli ya miguu na makalio. Hilo ni dai, linapimika, na mwaka 2011 walikubaliana na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kulipa dola milioni 25 za kurudishia wateja. Mwaka uliofuata Skechers wakakubali dola milioni 40 kwa sababu kama hizohizo, na kwenye matangazo yao alikuwemo Kim Kardashian. Sasa niambie, uso wa Kaepernick utaupeleka mahakama gani? Haujasema kiatu ni chepesi wala kwamba kinadumu. Hauwezi kuwa uongo kwa sababu hakuna ulichoahidi.

Kwa hiyo mimi na mwalimu tunatofautiana kidogo. Si kila kitu ni "kusoma tofauti". Mengine ni kweli au si kweli, na mtazamaji anayeuliza kiatu kiko wapi anajaribu kulirudisha tangazo kwenye uwanja huo.

Na nyota nao wanatofautiana. Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni Vienna Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, mguuni alikuwa na kiatu cha majaribio cha Nike. Sisi wakimbiaji tulitazama soli kabla ya uso. Miezi michache baadaye World Athletics, shirikisho la riadha duniani, ikaweka kikomo: soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40. Pale nyota na kiatu vimefungana, huwezi kumtazama mmoja ukaacha kingine. Waulize watu wako wanatazama nini kwanza, utapata jambo.

Kurunzi

Nina swali la kuudhi kidogo. Wale saba waliosema "linatia moyo", ulikuwa umekaa nao vipi? Daftari mkononi, picha mezani, "haya niambie unaelewa nini"?

Chanikiwiti (mtoa mada)

Ndiyo, hivyohivyo…

Kurunzi

Basi huo ni mtihani, na walikujibu kama wanafunzi. Hakuna binadamu anayekutana na tangazo namna hiyo. Jaribu njia ya pembeni: muulize mtu tangazo hili linawafanya nini watu wengine. W. Phillips Davison aliandika mwaka 1983 kwamba watu hudhani vyombo vya habari vinawaathiri wengine kuliko wao. Ukimuuliza binamu kuhusu yeye, atajilinda. Ukimuuliza kuhusu wadogo zake, atakumwagia yote, na nusu ya atakayosema inamhusu yeye.

KidoleGumba

Wale wawili ni ndugu zangu wa kiroho, ngoja niwasemee. Kupitisha hakumaanishi hatuoni. Mimi lile tangazo sikuliona likiwa tangazo hata siku moja. Niliona utani wake kwanza: watu wameweka uso mwingine, maneno yaleyale yamepindishwa, mpaka sura za paka. Ile ya kweli nilikutana nayo baadaye nikadhani na yenyewe ni utani.

Kwa hiyo dada, usituonyeshe picha. Tuombe tukuonyeshe sisi simu zetu. "Nionyeshe kitu cha michezo ulichomtumia mtu mwezi huu, na ulimwambia nini ulipomtumia." Tangazo linakuja katikati ya salamu za asubuhi, matokeo ya mechi na mtu anayedai hela yake. Maana yake inategemea limekaa kati ya nini na nini.

BingwaWaBenchi

Kidole leo kaongea. Mwenyewe viatu navinunua kwa sababu mshambuliaji wangu anavaa, na najua fika havitanipa goli hata moja. Niko chumba gani hapo?

SoliNyembamba

Benchi, kama jina lako.

Chanikiwiti (mtoa mada)

Wakuu, nimerudi. Jedwali nimelichana. Sasa kila mtu ana ukurasa wake: alichosema, alichovaa, alichojua kuhusu Kaepernick kabla, na alichowahi kumtumia mtu. Saba wa "linatia moyo" nimewarudia watano kwa njia ya Kurunzi, na wanne wamebadilika kabisa. Mmoja kasema linawafanya vijana waone kununua ni kupigania haki. Huyo wiki iliyopita alikuwa na maneno mawili tu.

Binamu kakataa kuhojiwa tena. Kasema nimemchungulia miguu.

Kwa shangazi nilikwenda jana. Nikamsimulia habari yote, goti, wimbo wa taifa, timu kumwacha. Alinyamaza kidogo, akaitazama tena picha, akasema, "Kwa hiyo yeye katoa kazi yake. Na hawa wenye alama hapa chini, wao walitoa nini?" Sikuwa na jibu. Halafu akaniomba nimtumie ile picha kwenye simu yake.

Swali langu la mwisho: huu ni usomaji mmoja uliokomaa au niandike kuwa ni miwili?

MwalimuMstaafu

Miwili, kila mmoja na tarehe yake. Ule wa kwanza usiuite kosa. Na picha anaitakia nini?

Chanikiwiti (mtoa mada)

Sikumuuliza.

MwalimuMstaafu

Rudi ukamuulize.