"Jieleze kwa dakika moja": nianzie wapi?

Binti wa Konde
Assalaam alaykum jamani. Wiki ijayo napanda boti kwenda Unguja, nimeitwa usaili kwenye hoteli moja ya kusini, wanatafuta mtembezaji wa wageni. Msitu wa Ngezi, huku kwetu Pemba, nimeutembeza miaka mitatu, mchana na usiku, kazi naijua. Kinachonishinda ni hiyo dakika moja ya kujieleza.

Mara ya mwisho, pahala pengine, nilianza: nimezaliwa Konde, skuli ya msingi nimesoma hapo hapo, sekondari Wete... Bwana akatazama saa, akasema inatosha. Hata popo sikuwafikia! Na popo wa Pemba hapatikani pahala pengine duniani. Tena nimelelewa na bibi, kila siku akituambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikitaka kusema "mimi naweza", ulimi unakuwa mzito.

Mama Mwani, Paje
Waalaykum salaam mwanangu. Bibi kasema kweli, lakini hata kizuri hutolewa barazani kikaonekana.

Mimi nalima mwani na kupika sabuni. Nilipokwenda hotelini mara ya kwanza nilimwambia mnunuzi "sabuni yangu nzuri sana". Kila anayepita pale anasema hivyo. Mara ya pili nikamwambia: "Kila bamvua niko pwani na kamba zangu, tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi. Mwani huu nimeupanda, nimeuanika na nimeusaga mwenyewe, nikautia mafuta ya nazi na karafuu. Hebu nusa." Nikanyamaza. Kile kimya kilinitesa, lakini sikukijaza maneno. Akanusa, akaagiza vipande arubaini. Sikujisifu, nilisema ninachokifanya.

Mambo ya kuzaliwa na skuli yamo kwenye karatasi zako, wameshayasoma. Tupe siku moja ya msituni ambayo hutoisahau.

Binti wa Konde
Usiku mmoja mgeni mmoja aliogopa giza, akataka turudi. Nilimwomba dakika tano, nikazima tochi, tukasimama. Tukamsikia bundi wa Pemba, naye ni wa kisiwani kwetu tu. Mgeni alilia. Kesho yake akarudi na wenzake wanne.

Kaka wa Mapokezi
Dada, anza na hiyo hiyo! Mimi hukaa kwenye usaili wa hapa kwetu, na katika watu kumi tunamkumbuka aliyetupa kisa.

Ila usiishie Ngezi. Hoteli za kusini hupeleka wageni msitu wa Jozani, huku Unguja, kuona kima punju, wale kima wekundu. Ukiweza tangulia siku moja, ufike Jozani, useme umefika. Kama hukuwahi, usidanganye, wataligundua kwa swali la pili. Malizia na unachokitaka: "Naomba mnijaribu kwa matembezi mamoja."

Na macho. Najua kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, lakini meneja mgeni ataona hujiamini. Mtazame unapoanza na unapomaliza, katikati pumzika.

Binti wa Konde
Nimeisema mara sita jikoni, mdogo wangu kashika simu anahesabu. Ya mwisho sekunde hamsini na nne, bundi yumo, popo yumo, na ombi langu limo. Bibi alikuwa anakuna nazi. Kaniuliza, "Huyo mgeni alilia kweli?" Nikamwambia wallahi alilia. Akasema nisimsahau bundi.