Naomba ushauri: Oili gani inafaa Toyota Aqua, fundi ananiambia 20W-50

Wakuu habari za leo. Nina Toyota Aqua ya 2013, injini ya 1NZ-FXE, cc 1500, imeshatembea kilomita 142,000. Naendeshea hapa Dar, Mbagala hadi Posta, foleni kila siku.

Juzi nimeenda kumwaga oili, fundi kaniletea dumu la 20W-50, oili nzito. Nikamwonyesha kifuniko cha injini, kimeandikwa 0W-20 waziwazi, yaani oili nyepesi. Akacheka: "Bosi, hiyo ni ya baridi ya Japani. Dar na joto hili oili inakuwa maji." Nikasita, nikaondoka na oili yangu ya zamani.

Ninavyoelewa mimi, Aqua ni haibridi (petroli na umeme), injini inajizima na kuwaka mara nyingi sana kwenye foleni, kwa hiyo oili nyepesi inawahi kufika juu. Nzito nahofia itakula mafuta, na mimi gari hili nilinunulia kubana mafuta, si sura yake (ikiwa nyeupe, bajaji zote zinaniita teksi).

Shida ni kwamba sasa linakunywa oili. Stiki ya kupimia oili ilikuwa kwenye F (imejaa), baada ya kilomita 3,000 imeshuka hadi katikati. Moshi sioni, chini hakuna tone.

Nibaki na 0W-20 niwe naongezea, au nipande 5W-30, nzito kidogo? Wenye Aqua au Prius zilizotembea sana mnaweka nini, na mnamwaga baada ya kilomita ngapi? Tafadhali msiniambie niuze.