Msaada wa kuchagua PhD: elektroni kwenye silikoni, mashimo kwenye gerimani, au nukta za leza?

Nusu_Spini
Wakuu, habari za majukumu. Nimepata nafasi tatu za PhD. Zote zinahusu spini (usumaku mdogo wa asili wa elektroni) kwenye nukta kwanta mbili zilizounganishwa, yaani vijisanduku vidogo mno vya kunasia elektroni moja moja, na natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa ijayo.
A: elektroni kwenye silikoni (Si/SiGe, yaani tabaka za silikoni na silikoni-gerimani).
B: mashimo (nafasi zilizoachwa na elektroni) kwenye gerimani, elementi ya Ge.
C: nukta za InAs (indiamu na aseniki) zinazojijenga zenyewe, moja juu ya nyingine, spini inasomwa kwa leza.
Nimesoma makala mpaka macho yanauma, na kila kundi linasema lake ndilo bora. Mliopita huko, mngechukua ipi?

Kipozeo
Mkuu, umeacha mambo ya msingi. Ni kazi ya maabara au ya nadharia? Nchi gani? Ufadhili ni wa miaka mingapi? Sampuli wanatengeneza wenyewe au wanaletewa? Friji za dailusheni, zile za kupoza sampuli karibu na sifuri kabisa, ziko ngapi, na wanafunzi wangapi wanazigombania? Hilo la mwisho watu hawaulizi, na ndilo linaloamua utamaliza lini.

MwanaGerimani
B, tena usilale nayo. Elektroni kwenye silikoni ni mpole mno: ukitaka kuigeuza spini yake lazima uweke antena ya mikrowevu pembeni, au sumaku ndogo ya kobalti juu ya kifaa. Shimo la gerimani linakaa kwenye obiti za aina ya p, na spini yake imefungamana na mwendo wake. Unatikisa volti ya geti (kipande cha metali juu ya kifaa) tu, spini inazunguka. Halafu mashimo ni mepesi, nukta inakuwa kubwa kidogo, kwa hiyo mageti yake hayakusumbui kuyatengeneza. Mwaka 2021 Delft, Uholanzi, walionyesha kyubiti (biti za kompyuta ya kwanta) nne za gerimani zimepangwa mbili kwa mbili. Safari kutoka kyubiti moja mpaka nne ilikuwa fupi kuliko ya silikoni.

MzeeAseniki
Vijana, msisahau mlikotoka. Wanafizikia Loss na DiVincenzo walipendekeza kutumia spini za nukta kama kyubiti 1998, na kazi nzito ya mwanzo ilifanyika kwenye GaAs (galiamu na aseniki). Mwaka 2002 Ono na Tarucha na wenzao walionyesha kizuizi cha Pauli, pale elektroni inapogoma kuvuka kwa sababu ya spini yake. Mwaka 2005 kundi la Harvard likatenganisha singleti na tripleti (hali mbili za jozi ya spini) kwenye nukta mbili na kubadilishana spini ndani ya pikosekunde 180. Wakaona pia kwamba spini inapoteza kumbukumbu ndani ya nanosekunde 10 hivi. Kila kiini cha galiamu na kila kiini cha aseniki kina spini ya 3/2, na elektroni moja inagusa viini vinavyokaribia milioni. Hatukukata tamaa. Kwa mwangwi wa mapigo, yaani mapigo yanayofuta kelele za viini, mwaka 2011 GaAs ilipita maikrosekunde 200.

Kipozeo
Mzee, shikamoo. Tunayaheshimu hayo, ila GaAs haimo kwenye orodha yake. Silikoni unaweza kuisafisha: ya kawaida ina kama asilimia 4.7 ya silikoni-29 yenye spini, iliyobaki imetulia kimya. Ukiiondoa hiyo, viini havisemi kitu. Sydney mwaka 2014 walifikisha kumbukumbu ya milisekunde 28. Galiamu na aseniki utasafisha nini, wakati isotopu zake zote thabiti zina spini?

MzeeAseniki
Marahaba. Sijasema asafishe. Nasema mbinu anazozitumia leo zilizaliwa huko, na anayezijua historia zake hashangai kifaa kikigoma.

Fundi_wa_Leza
C mmeiruka kama haipo! Kwenye molekuli ya nukta mbili za InAs unaona kwa macho yako elektroni au shimo likigawanyika kati ya nukta mbili: unabadilisha volti, mistari ya mwanga inakaribiana, halafu inakwepana bila kugusana, umbo kama X iliyokatwa katikati. Hiyo ilichapishwa 2006. Na kuna jambo ambalo hakuna molekuli ya kawaida inayolifanya: ukitenganisha nukta mbili kwa nanomita chache zaidi, hali ya chini kabisa ya shimo inageuka kutoka ile inayofunga kuwa ile inayopingana. Chanzo ni huko kufungamana kwa spini na obiti. Nilipoliona kwenye data yangu mwenyewe nilikaa kimya dakika nzima. Kugeuza spini kwenu ni kwa nanosekunde, sisi mapigo ya leza ni pikosekunde. Na tunafanya kazi kwenye kelvini 4, hatuhitaji hizo friji mnazozililia.

Kipozeo
Na kila jozi ya nukta ina rangi yake ya mwanga, hakuna mbili zinazofanana. Utazifikishaje mia?

Fundi_wa_Leza
PhD ni ya kuelewa fizikia, si ya kujenga kompyuta ya mia. Hapa ndipo tunapopishana mimi na wewe kila mwaka.

BondeLangu
Naomba niandike kirefu, kwa sababu A ndiyo niliyoisoma na hakuna aliyeniambia haya mapema.

Mwaka wa pili nilipewa kifaa cha Si/SiGe chenye nukta mbili, kimetengenezwa chuo kingine. Tukakiunga na nyaya za alumini arobaini na kitu, nyembamba kuliko unywele, friji ikashuka siku mbili. Ramani ya chaji ilitoka nzuri kama sega la nyuki, mistari imenyooka, nikahesabu elektroni mpaka ya mwisho. Moja kushoto, moja kulia. Nikajua nimefika. Kisha nikatafuta kizuizi cha Pauli. Hakikuwepo.

Kwa asiyejua: elektroni mbili zenye spini sambamba haziwezi kukaa obiti moja. Kwa hiyo ya kushoto inagoma kuvuka kwenda kulia, na mgomo huo ndio tunaousomea spini. Sasa silikoni ina mabonde mawili chini ya bendi yake ya nishati. Yakiwa karibu mno, elektroni inayovuka inaingia bonde la pili na spini yake ile ile, na mgomo unakwisha. Nilipopima, pengo la mabonde nukta ya kulia lilikuwa kama 30 µeV (kipimo kidogo mno cha nishati). Elektroni zetu zilikuwa na joto la milikelvini 150 hivi, yaani 13 µeV, na mkia wa joto unafika mbali. Dirisha la kusomea lilikuwa limeshafungwa kabla sijaanza.

Miezi minane. Nilibadilisha vichujio vya nyaya. Nilicheza na uga wa sumaku. Nilisukuma nukta huku na huku kwa volti, labda pengo lingepanuka kidogo. Kila kitu kilikuwa kizuri isipokuwa hicho kimoja, na msimamizi alikuwa anasema jaribu tena, kwa kuwa kifaa kingine hakikuwepo. Na halikuwa kosa la mtu: pengo hilo linategemea atomi za gerimani zilivyotawanyika kwenye mpaka wa tabaka, linabadilika nukta kwa nukta kwenye kifaa kimoja. Kifaa cha pili kilipokuja kutoka sahani nyingine ya silikoni, pengo lilikuwa zaidi ya 150 µeV, kizuizi kikatokea siku ya kwanza saa nne asubuhi. Nilitoka nje nikalia.

Kwa hiyo usiulize "silikoni ni nzuri?" Waulize wamepima pengo la mabonde kwenye vifaa vingapi, na dogo kuliko yote lilikuwa ngapi. Kundi zuri litakupa namba bila kusita.

MwanaGerimani
Pole sana ndugu. Na ndiyo maana nasema: mashimo ya gerimani hayana mabonde ya kukusumbua.

BondeLangu
Asante. Lakini mpe picha nzima. Mlango unaoufungua ili volti izungushe spini ni mlango huo huo unaoingiza kelele za chaji. Kigezo cha g (kinachosema spini inaitikia uga wa sumaku kwa kiasi gani) kwenye gerimani kinabadilika kwa mwelekeo wa uga wa sumaku na kwa umbo la nukta. Jirani wawili hawana g moja. Mnatumia wiki ngapi kutafuta pembe ya uga inayotuliza mambo?

MwanaGerimani
Wiki, ndiyo, sikatai. Ila pembe ni kitu unachoweza kukizungusha wewe mwenyewe. Bonde huwezi.

Nusu_Spini
Asanteni sana kwa majibu. Mimi ni dada, si mkuu, ila hakuna ubaya. Zote tatu ni za maabara. A na B ni Ulaya, miaka minne kila moja. C ni Marekani, miaka mitano. Uzamili wangu ulikuwa filamu nyembamba za seli za jua, hapa nyumbani. Friji ya dailusheni sijawahi hata kuiona. Nina mtoto wa miaka miwili na ningependa tuondoke wote. BondeLangu, nimenakili swali lako neno kwa neno, nawatumia A usiku huu.

Kipozeo
Samahani dada. Friji ngapi?

MamaFotoni
Mdogo wangu, suala la mtoto liweke mbele, usione haya. Mimi nilifanya kazi kama ya C. Kupanga miale ya leza ni kazi ya gizani, vioo vinahama kwa milimita kasoro, huwezi kuiacha katikati ukamfuate mtoto. Nikitoka saa kumi, kesho naanza upya. Mwenzangu wa nukta zenye mageti alikuwa anaendesha vipimo kutoka nyumbani kwa programu za Python, mtoto kalala, yeye anasogeza volti kwenye skrini na ramani inajichora. Siku za kufungua na kufunga friji ndizo ngumu, ila si kila wiki.

Fundi_wa_Leza
Dada, hayo ni ya maabara ya kwenu. Sisi vioo vyetu vina mota, tunapanga kwa kompyuta.

MamaFotoni
Basi hilo nalo aulize. Si kila maabara ina mota.

MzalendoRukwa
Mnalia na friji za heliamu na hamtaji Rukwa, hapa Tanzania! Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza gesi hiyo bonde la Rukwa. Kwa nini tusiwe na maabara hizi hapa hapa badala ya kusafirisha watoto wetu?

Kipozeo
Wazo la maabara hapa nyumbani naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini tusichanganye: ya Rukwa ni heliamu-4. Friji ya dailusheni inashuka kwenye milikelvini kumi na kitu kwa kuchanganya heliamu-4 na heliamu-3, na hiyo heliamu-3 haichimbwi Rukwa. Inatokana na tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, inapovunjika. Ndiyo adimu, ndiyo ghali.

MzalendoRukwa
Nimeelewa. Lakini Fundi kasema kazi yake ni ya kelvini 4, na hiyo heliamu-4 inatosha. Kwa hiyo C ndiyo inayoweza kurudi nyumbani na huyu dada.

Fundi_wa_Leza
Nimesema nini tangu mwanzo?

BondeLangu
Na kuna kyubiti za silikoni zilizofanya kazi juu ya kelvini 1, mwaka 2020, makundi mawili, Sydney na Delft. Kuhusu kurudi nyumbani hakuna anayejua miaka mitano ijayo.

Nusu_Spini
Swali la pembeni: nikiwa hapa na kompyuta ndogo tu, kuna kitu naweza kuanza ili nisifike nikiwa mtupu?

Kipozeo
Kipo. Pakua QuTiP, programu ya Python ya kuigiza mifumo ya kwanta, ni ya bure. Andika nukta mbili, elektroni mbili. Kupenya kati yao kuite t, gharama ya kukaa pamoja nukta moja iite U. Nguvu ya kubadilishana spini ni J = 4t²/U. Weka t = 10 µeV na U = 2 meV, unapata J ya 0.2 µeV, kama megahezi 48. Ongeza t mara mbili, J inaruka mara nne. Kisha inamisha nukta moja kidogo kidogo kuelekea hali ya (0,2), yaani elektroni zote mbili nukta moja, uone J inavyopanda, na uongeze kelele kwenye mwinamo huo uone singleti na tripleti zinavyosahauliana. Halafu rudisha mwinamo katikati na ubadilishe t badala yake: kelele ile ile inaumiza kidogo sana. Mwaka 2016 vikundi viwili vilionyesha hilo maabara, na ukilifanya kwa mkono wako utaingia chumba cha usaili ukiwa unajua unachokisema.

MzeeAseniki
Baada ya hapo mwongezee uga wa viini, tofauti kati ya nukta ya kushoto na ya kulia. Ndipo atauona msiba wetu wa 2005.

MwanaGerimani
Na akitaka B, aweke g mbili tofauti. Atashangaa.

Nusu_Spini
Nimeiweka usiku. J imetoka 48 kweli, nimefurahi mno. A wamejibu: vifaa saba vimepimwa, pengo dogo kabisa 60 µeV, kubwa 210. Friji moja, wanafunzi wanne. C wanasema vioo vina mota kwenye meza moja kati ya mbili. B hawajajibu kabisa.

BondeLangu
60 inasomeka iwapo joto la elektroni zao liko chini ya milikelvini 100. Waulize hilo. Friji moja kwa watu wanne ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko bonde.

Kipozeo
Ndicho nilichouliza tangu jibu la kwanza.

MwanaGerimani
Dada, B waandikie tena Jumatatu asubuhi, mwandikie mwanafunzi moja kwa moja, usimwandikie profesa. Wanafunzi wanajibu.

Nusu_Spini
Nimemwandikia mmoja sasa hivi. Nimeanza na swali la friji.