Kuizoesha pua chavua kwa dozi ndogondogo

Ndugu zangu, salaam.

Dada yetu mwenye mzio wa chavua, yaani unga wa mimea unaopeperuka, aliyeuliza kama anaweza kukaa bustanini kila asubuhi mpaka pua ichoke kupiga chafya, namsihi asijaribu. Chavua inayoletwa na upepo haina kipimo. Leo unavuta kidogo, kesho unavuta tele, na pua iliyokwisha kuvimba huzidi kuwa nyepesi kuudhika. Asali aliyoshauriwa kulamba haitamfaa pia, kwa kuwa chavua ya nyuki hutoka zaidi kwenye maua, ilhali inayotutesa wengi wetu ni ile kavu ya nyasi na miti.

Wazo lenyewe la kuuzoesha mwili ni sahihi na si jipya: daktari Leonard Noon aliwadunga wagonjwa wake mjini London dondoo ya chavua ya nyasi na kuchapisha matokeo mwaka 1911. Siri iko kwenye kipimo. Baada ya kupimwa ngozi au damu ili mzio wako ujulikane, unachomwa sindano kila wiki, dozi ikipandishwa kwa miezi kadhaa, kisha takriban mara moja kwa mwezi. Au unaweka kidonge chini ya ulimi kila siku. Kwa kawaida, njia zote mbili huchukua miaka mitatu au zaidi.

Mimi nilichagua kidonge. Cha kwanza nilikitumia mbele ya daktari, nikakalishwa nusu saa huku mdomo na masikio yakiniwasha kwa ndani, jambo ambalo alikuwa amenionya mapema. Vilivyofuata nimevitumia nyumbani: kinayeyuka, humezi mate kwa dakika moja, huli wala hunywi kwa dakika tano.

Mwenye mzio wa nyasi aanze miezi minne hivi kabla ya msimu, kwani ukisubiri macho yaanze kutoka machozi, msimu huo umekwisha kukupita. Mwenye pumu isiyodhibitiwa asianze kabisa hadi itulie, na anayetumia dawa za beta-bloka kwa shinikizo la damu amweleze daktari mapema, kwa sababu zinaweza kupunguza nguvu ya adrenalini, dawa ya kuokoa maisha mzio unapokuwa mkali, inapohitajika kwa dharura.

Kabla ya kutia saini kuanza matibabu haya, iulize bima yako kama italipia miaka yote mitatu, maana wengi huacha katikati, na anayeacha mapema hupoteza sehemu kubwa ya faida.